Somo: Kukokotoa umbali na muda wa ndege, Dodoma hadi Guangzhou

Somo hili ni kwa wafanyabiashara wa Dodoma na mikoa jirani wanaofuata bidhaa China, ambao wangependa kujua mapema watasafiri kilomita ngapi na watakaa angani kwa muda gani.

Hatua ya kwanza: igawe safari kwa viwanja ambako ndege inatua. Hapa tuna vipande viwili, Dodoma hadi Dar es Salaam na Dar es Salaam hadi Guangzhou.

Hatua ya pili: tafuta latitudo na longitudo. Dodoma ipo nyuzi 6.17 kusini na 35.75 mashariki; uwanja wa Julius Nyerere, 6.88 kusini na 39.20 mashariki, Guangzhou, 23.39 kaskazini na 113.30 mashariki. Kila nyuzi moja ni takriban kilomita 111, hivyo kwa kipande kifupi kanuni ya Pythagoras inatosha: tofauti za 0.71 na 3.45 zinatoa takriban kilomita 390. Kwa kipande kirefu, latitudo hujumlishwa, kwa kuwa viwanja viko pande mbili za ikweta, na jibu linakaribia kilomita 8,900, ilhali njia fupi kabisa juu ya tufe la dunia ni takriban 8,710. Kosa ni dogo kwa sababu tunasafiri karibu na ikweta. Usithubutu kufanya hivyo kwa London na Vancouver: utapata zaidi ya 13,000 badala ya takriban 7,600.

Hatua ya tatu: gawanya kwa mwendo. Ndege kubwa ya jeti huenda karibu kilomita 900 kwa saa. Ongeza nusu saa ya kupaa na kushuka, upate saa 10 na dakika 10 hivi. Kipande cha Dodoma, kwa ndege ya panga boi, ni kama saa moja.

Hatua ya nne, ambayo ndiyo huwapotosha wengi: linganisha na tiketi. Kila saa iliyoandikwa ni ya mahali husika, na China imetutangulia kwa saa 5. Tuseme unaondoka Dar es Salaam 11:00, yaani saa tano asubuhi, na kufika 02:10 ya kesho yake, ambayo ni saa nane na dakika kumi usiku wala si saa mbili. Tofauti ni saa 15 na dakika 10. Toa 5, zinabaki 10 na dakika 10. Wakati wa kurudi, unajumlisha 5.

Maswali ya wanachama

Mwanachama wa Kibaigwa: Shikamoo mwalimu. Mbona kurudi huchukua muda mrefu zaidi?
Jibu: Marahaba. Katika anga la juu upande wa China, hasa majira yao ya baridi, pepo kali huvuma kutoka magharibi. Unapokwenda zinakusukuma, unaporudi unapambana nazo.

Mwanachama wa Singida: Nikiondokea Msalato badala ya uwanja wa zamani, hesabu inabadilika?
Jibu: Kwa kilomita kumi na kitu tu, ambazo hazifikishi hata dakika mbili angani. Foleni ya barabara ya Arusha itakuchelewesha zaidi.

Mwanachama wa Area C: Je, mwinuko wa Dodoma unaathiri muda?
Jibu: Muda hauathiriki kwa kiasi cha kuhesabika. Kinachoathirika ni kuruka: jiji liko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na ndege iliyosheheni mafuta ya safari ndefu huhitaji njia ndefu zaidi ya kurukia kuliko pale Dar es Salaam.