Akiba ya unga na gesi

Ukiweka akiba ya unga, usichanganye aina. Ule wa kusagisha kwenye posho mill haukukobolewa, una kiini na mafuta yake, kwa hiyo huanza kuwa mchungu mapema. Huo nunua wa wiki mbili tu. Wa pakiti, uliokobolewa, ndio wa kukaa. Andika tarehe kwa kalamu, pakiti mpya nyuma. (Maharagwe weka kwenye ndoo yenye mfuniko wa kukaza, yangu yaliwahi kubunguliwa yote guniani.)

Gesi nayo usikisie kwa kutikisa mtungi. Uweke kwenye mizani, kisha utoe uzito wa mtungi mtupu; namba yake imegongwa kwenye chuma karibu na kishikio. Mtungi wa kilo 6 ukibakiza kilo moja, kajaze.