Ukistaafu, SHA haikufuati nyumbani: jinsi ya kujihamisha mwenyewe

Mwezi wa tatu baada ya kustaafu, shangazi yangu alifika hospitali presha ikiwa juu, kitambulisho mkononi, bila wasiwasi. Si alikatwa pesa za bima kila mwezi tangu enzi za NHIF, ile bima ya afya ya zamani ya Kenya? Dirishani akaambiwa hajalipiwa. Kumbe siku ile ya kukatiwa keki ofisini hakuna aliyemweleza kwamba mshahara ukikoma, mchango nao unakoma, na hakuna mtu atakayekuhamisha kutoka upande wa waajiriwa. Unajihamisha mwenyewe.

Tangu tarehe 1 Oktoba 2024, SHA, yaani Mamlaka ya Afya ya Jamii inayosimamia bima ya afya nchini Kenya, ndiyo iliyochukua nafasi ya NHIF. Mwajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara wake wote kabla ya makato mengine, na mwajiri ndiye anayepeleka. Asiye na mshahara hulipa mwenyewe, tena mwaka mzima kwa mkupuo, kiasi kinachotokana na kupimwa uwezo wa kaya yake. Wa chini kabisa hulipa shilingi 300 kwa mwezi, yaani 3,600 kwa mwaka. Mstaafu yuko kundi hili la pili. Usikae ukingoja watu wa pensheni wakukatie.

Anza kazi hii mshahara wa mwisho ukiwa bado haujaingia, na anza na simu. Najua inasikika kama jambo dogo, lakini hapa ndipo wazee wengi wanapokwama. Kila hatua mfumo hutuma namba ya siri ya muda kwa laini uliyojiandikishia. Ikiwa laini hiyo ni ya kijana wa saiba (duka la intaneti) aliyekusaidia, au ni ile ya ofisini uliyoirudisha pamoja na funguo, kila kitu kitasimama. Hakikisha laini ni yako, imesajiliwa kwa kitambulisho chako, na ndiyo hiyo iliyo kwenye rekodi za SHA. Kama sivyo, ibadilishwe kwanza. Jijini Nairobi, Huduma Centre (kituo cha huduma za serikali) ya GPO inafaa kwa watu wa katikati ya mji. Wa Eastlands wana ya Makadara na ya Eastleigh. Nenda asubuhi na mapema ukiwa na kitambulisho halisi, si picha kwenye simu; na kama unamsaidia mzazi, nenda naye mwenyewe.

Kisha angalia kama umesajiliwa. Piga *147#, hata kwa mulika mwizi, ile simu ndogo isiyo na intaneti, inaingia, au fungua afyayangu.go.ke. Kadi ya NHIF uliyoitunza kwenye pochi sasa ni kumbukumbu tu. Kujisajili ni bure. Anayekudai ada ya usajili anakuibia.

Ukiwa humo, kagua waliomo kwenye kaya yako. Mume au mke awepo, kwa jina na namba kama zilivyo kwenye kitambulisho chake. Watoto waliokwisha kupata kazi wana bima zao. Vivyo hivyo mama yako mzazi wa miaka 85 kule nyumbani haingii chini yako: yeye hujisajili peke yake, ingawa unaweza kumlipia. Na kama mwenzako bado ameajiriwa, ulizia SHA kabla hujalipa chochote iwapo unaweza kubaki chini ya mchango wake. Kuuliza ni bure.

Sasa kipimo cha uwezo, ambacho ndicho kinachoamua utalipa ngapi. Utaulizwa mambo ya nyumba na maisha: mnaishi wangapi, kuta na paa ni za nini, maji mnapata wapi, choo ni cha aina gani, mnapikia nini, mna mifugo au la. Mfumo unachukua majibu hayo na kukadiria kipato. Ndiyo maana simpendi mtu anayejibu haraka haraka kwa niaba ya mzazi. Binamu yangu alijibu maswali ya mamake akiwa amekaa kwenye fleti yake mwenyewe, tailizi hadi bafuni, gesi, maji ya bomba, ilhali mama anaishi kwenye nyumba yake ya mabati na anapikia makaa. Mashine haijui mwenye fleti ni nani. Jibu kwa hali ya kaya ya mwenye bima, kama ilivyo leo baada ya mshahara kukoma. Usidanganye pia; usijifanye maskini wa shamba na una nyumba tatu za kupangisha Kasarani. Ukiona kiasi kilichotoka kimekuzidi kabisa, usikilipe kwa hasira wala usikiache. Peleka malalamiko SHA na uombe hali yako ikaguliwe upya.

Malipo yenyewe ni mepesi: unafuata maelekezo kwenye *147# au kwenye tovuti, unaweka namba ya siri ya M-Pesa mwenyewe, unahifadhi ujumbe. Usimpe mtu pesa taslimu akulipie. Ushauri wangu ni kutenga pesa ya mwaka mzima kutoka kwenye kiinua mgongo siku hiyohiyo kinapoingia, kabla ndugu hawajasikia. Ukishindwa, kuna mpango wa Lipa SHA Pole Pole: ni mkopo unaolipia mwaka, nawe unarudisha kidogo kidogo. Andika tarehe ya mwisho kwenye kalenda ya ukutani, maana mwaka ujao hakuna mwajiri wa kukukumbusha.

Hata kabla hujalipa, ukiwa umesajiliwa tu, zahanati na vituo vya afya vya ngazi ya 2 na 3 vilivyo na mkataba na SHA vinapaswa kukuhudumia bila malipo. Mchango wa mwaka ndio unaokufungulia hospitali kubwa: Mbagathi, Mama Lucy, Kenyatta.

Jambo la mwisho ni vidole. Hospitalini mgonjwa huthibitishwa kwa alama za vidole, na vidole vya wazee vimelika kwa jembe na sabuni. Gumba la shangazi lilikataliwa mara tatu, mhudumu akaanza kufunga faili. Tukaomba ajaribu kidole cha shahada, baada ya kukipangusa na kitambaa chenye maji. Kikakubali.