Forester Ikizimika Barabarani

Subaru Forester ya gia otomatiki inapoharibika, usikubali inyanyuliwe magurudumu mawili huku mengine yakiburutwa lamini, kwa kuwa injini yake huendesha magurudumu yote manne, na tofauti ya mwendo kati ya mbele na nyuma huipasha giaboksi joto hadi ikaharibika. Dai lori la kuibeba nzima, hata kama bei yake inauma. Kulabu ya kuvutia gari hadi juu ya lori kwa kawaida huwekwa pamoja na jeki: bandua kifuniko kidogo kwenye bampa, uikaze kulabu hiyo kwenye tundu lililo nyuma yake kwa spana ya magurudumu mpaka isizunguke tena. Wakati wa kupandishwa, ufunguo usichomolewe, maana usukani utajifunga, na breki, injini ikiwa imezima, itahitaji mguu wenye nguvu.