Radi: mambo ya kuzingatia kabla masika hayajaanza

Chagua mahali pa kukimbilia siku jua linawaka. Wingu likishafunga juu ya Meru au Kilimanjaro, aliye shambani hukimbilia kilicho karibu, na mara nyingi kilicho karibu ni mti. Radi ikipiga mti, sehemu ya umeme humrukia aliyejibanza chini yake, na sehemu nyingine husambaa ardhini. Ndiyo maana wengi wanaouawa na radi hawakupigwa moja kwa moja.

Kwa ng'ombe hatari ni kubwa zaidi kuliko kwetu. Miguu yake ya mbele na ya nyuma imeachana sana, hivyo umeme wa ardhini hupanda huku, ukapita kifuani penye moyo, ukatokea kule. Mgunga mmoja uliosimama peke yake mbugani unaweza kulaza kundi zima. Wafugaji wa Monduli na Longido, tafuteni mapema bonde pana lisilo na mti mrefu, na msiwaache wanyama wajikusanye kwenye uzio wa senyenge, maana waya hubeba umeme mbali na ulipopigwa. Kwa walio vihambani Moshi, banda lisiegemee mgrivea mrefu, wala ng'ombe asifungwe kwenye shina lake kwa mnyororo.

Watu wakimbilie nyumba imara, wakae mbali na mabomba na madirisha, na televisheni ichomolewe kabla ngurumo haijafika. Kibanda cha kusubiria daladala hakikingi. Gari lenye bodi ya chuma, vioo vikiwa vimefungwa, linakinga. Bodaboda na bajaji hapana. Kufunika vioo vya kujitazamia au kuvua nguo nyekundu hakuzuii lolote, na ninasikitika kuona dakika za kukimbia zikipotelea huko.

Shuleni ndiko ninakoomba tusisitize. Januari 2025 radi iliua wanafunzi saba wa Sekondari ya Businda, wilayani Bukombe, mkoani Geita. Wazazi, kwenye kikao kijacho ulizeni kama majengo yana kinga ya radi, na mwombe fundi umeme aikague hadi chini. Waya wake wa shaba, unaoshusha umeme ardhini, huibwa ukauzwa kwa wanunuzi wa chuma chakavu, na ncha iliyobaki juu ya paa bila njia ya kufika ardhini haimlindi mtoto yeyote.

Wafundisheni watoto kuhesabu. Sauti husafiri kilomita moja kwa takriban sekunde tatu. Kama kati ya mwanga na ngurumo hazifiki sekunde 30, kila mtu awe ndani, na asitoke hadi zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Mpira wa miguu usimamishwe hata kama mvua haijadondoka.

Jifunzeni pia huduma ya kwanza. Aliyepigwa habaki na umeme mwilini, mguseni bila hofu. Kama hapumui, bonyeza katikati ya kifua kwa nguvu, mara 100 hadi 120 kwa dakika, mwingine akipiga simu ya dharura, 112. Wakiwa wengi wameanguka, anza na wanaoonekana wamekufa: moyo uliosimamishwa na radi unaweza kurudi ukisaidiwa mapema, na anayelia bado anapumua. Chama cha Msalaba Mwekundu hufundisha kazi hii, na kijiji kinaweza kuomba mafunzo hayo Februari, kabla ya mvua.