Nywele za mbele zilizoliwa na misuko: kuziokoa, na lini kupandikiza

Fumua nywele zote, zikauke, kisha simama karibu na dirisha asubuhi ukiwa na kioo. Zisogeze nyuma na uangalie pale zinapoanzia, hasa juu ya masikio na kwenye pembe za paji la uso. Ukiona safu nyembamba ya vinywele vifupi mbele kabisa, nyuma yake pengo, ndipo nywele za kawaida zianze, huo ni upara wa kuvutwa. Vile vinywele vya mbele vimesalimika kwa sababu ni vifupi mno, vidole vya msusi haviwezi kuvishika. Vilivyoshikika ndivyo vilivyong'oka.

Sasa gusa lile pengo. Kama bado unaona vitundu vidogo vya vinyweleo na ngozi inafanana na sehemu nyingine ya kichwa, nywele zinaweza kurudi zenyewe. Kama ngozi ni nyororo, inang'aa, haina kitundu hata kimoja, hapo pana kovu, na hakuna mafuta wala dawa ya kupaka itakayootesha nywele juu yake. Upandikizaji una maana kwenye hali hii ya pili. Anayekimbilia kupandikiza akiwa kwenye hali ya kwanza analipia kitu ambacho angekipata bure kwa kuacha kusuka.

Hakikisha pia kwamba tatizo si jingine. Upara unaoanzia utosini na kutanuka kama duara, hasa wenye mwasho au kuungua, unaweza kuwa ugonjwa unaoua vinyweleo kwa uvimbe wa ndani. Unahitaji daktari wa ngozi akate kipande kidogo cha ngozi kipimwe, na mapema. Duara laini lililotokea ghafla mara nyingi ni kinga ya mwili kushambulia nywele. Mtoto mwenye mabaka ya magamba na nywele zilizokatika huenda ana mapunye, ambayo hutibiwa kwa vidonge, maana krimu haifiki kwenye mzizi. Nywele zikipukutika kichwa kizima miezi miwili au mitatu baada ya kujifungua, homa kali au upasuaji, kwa kawaida hurudi zenyewe ndani ya miezi kadhaa. Pima damu na akiba ya madini ya chuma.

Kwa wanaume, pembe zinazorudi nyuma na utosi unaopungua kwa kawaida ni kazi ya homoni, na hiyo haikomi kwa sababu umepandikiza. Nywele mpya zitabaki kama kisiwa huku za asili zikiendelea kurudi nyuma. Ndiyo maana madaktari wengi huanza na finasteridi, kidonge cha kupunguza homoni hiyo, miligramu 1 kwa siku, baada ya kueleza madhara yake ya hamu ya tendo la ndoa na ya hisia. Anayeitumia amwambie daktari kabla ya kipimo cha damu cha tezi dume, maana hushusha majibu karibu nusu, na mke mjamzito asishike kidonge kilichovunjika.

Kuondoa mvuto

Msuko ukihitaji panadol ili ulale usiku wa kwanza, umebana kupita kiasi. Vipele vidogo vyeupe kwenye mistari ya pembeni ni kinyweleo kinacholalamika, na mwasho unaofuata si dalili kwamba nywele zinakua, ingawa saluni nyingi husema hivyo. Fumua siku hiyo hiyo, hata kama umelipia mkono wa msusi jana.

Kwa miezi 6 ya kwanza, usisuke mstari wa mbele kabisa. Ukirudi kusuka, mwambie msusi aanze upana wa kidole nyuma ya pale nywele zinapoanzia, mistari iwe minene, rasta, yaani nywele za bandia za kusukia, ziwe fupi na nyepesi. Rasta za kufika kiunoni ukizifunga juu kama kilemba, uzito wote unaning'inia kwenye nywele chache za pembeni. Toa misuko baada ya wiki 6 hadi 8, upumzishe kichwa kabla ya kurudia. Nywele zenye dawa hazistahimili mvuto sawa na za asili, kwa hiyo usipake dawa na kusuka wiki moja. Wigi vaa bila gundi wala vibanio. Wenye dredi nao wamo: kuzungusha mizizi kwa nguvu kila baada ya wiki mbili kunaleta upara huu huu.

Daktari akiona uvimbe, anaweza kuandika dawa ya kuutuliza, ya kupaka au ya sindano kwenye ngozi. Minoksidili, dawa ya kupaka ya kuotesha nywele, husaidia pale vinyweleo vilipo hai: kwa mwanamke, mililita 1 ya asilimia 2 asubuhi na jioni, au povu la asilimia 5 mara moja kwa siku. Paka kwenye ngozi kavu, si kwenye nywele, na nawa mikono, maana ikifika shavuni inaotesha nywele huko. Kati ya wiki ya 2 na ya 8 nywele zinaweza kudondoka zaidi, na watu wengi huacha hapo wakidhani imewaharibu. Ni nywele za zamani zinazopisha mpya. Ipe miezi 6. Usiitumie ukiwa mjamzito au unanyonyesha, na kama una paka nyumbani, asilambe ulipopaka, ni sumu kali kwake.

Mafuta ya nyonyo hulainisha nywele na kuzipunguzia kukatika, basi. Maji ya kitunguu yanachoma ngozi ambayo tayari ina kidonda.

Kabla ya kulipia upandikizaji

Upandikizaji hauzalishi nywele mpya, unazihamisha. Daktari huchukua nywele za kisogoni na kuzipanda mbele, zikiwa katika vifurushi vya nywele 1 hadi 4. Anaweza kukata ukanda mwembamba wa ngozi na kuushona, jambo linaloacha kovu la mstari, au kutoboa kifurushi kimoja kimoja kwa kisindano chenye upana wa karibu milimita 1.

Kwenye nywele za kipilipili, ugumu uko chini ya ngozi. Mzizi wenyewe umejikunja kama upinde, na kisindano kinachoshuka wima kinaukata katikati. Aliyezoea nywele zilizonyooka anaweza kuharibu nyingi bila kujua. Kwa hiyo omba jaribio: atoe vifurushi kama 30, avitazame kwa hadubini, akuambie vingapi vimekatika. Jaribio hilo lina faida ya pili. Kama una keloidi, yaani kovu linalovimba na kutuna, sikioni, kifuani au kwenye alama ya chanjo, subiri miezi kadhaa uone vidonda vile vidogo vinaponaje kabla ya kufanya kichwa kizima.

Idadi unaweza kuikadiria mwenyewe kwa rula. Pengo la sentimita 2 kwa 6 kila upande ni sentimita za mraba 12, pande zote mbili 24. Kwa vifurushi 30 hadi 40 kwa kila sentimita ya mraba, unahitaji kati ya 720 na 960. Nywele zilizojikunja hufunika ngozi vizuri, kwa hiyo kiwango cha chini mara nyingi kinatosha. Ukiambiwa 3,000, uliza zinakwenda wapi. Kisogo hakijazi tena kilichotolewa. Kwenye kovu, damu inapita kwa shida, na daktari makini hupanda kwa kuachanisha, kisha hujazia baada ya mwaka.

Mvuto uwe umekoma na pengo halijatanuka kwa angalau miezi 6 hadi 12. Kwa ule ugonjwa wa utosini, uwe umetulia mwaka mzima au zaidi, la sivyo uvimbe utaua na zilizopandwa.

Wanaosafiri kwenda Istanbul, ambako biashara hii ni kubwa na bei ni nafuu, waulize mambo haya kwa maandishi: nani hasa anatoboa ngozi, daktari au msaidizi, anahudumia wagonjwa wangapi kwa siku, ana picha za nywele za kipilipili, zilizopigwa miezi 12 baadaye? Picha za wiki ya kwanza hazisemi kitu. Na kabla ya kupanda ndege, mpate daktari nyumbani atakayekutazama ukirudi.

Siku yenyewe na zinazofuata

Sindano za ganzi ndizo zinazouma zaidi. Baada ya hapo ni saa nyingi za kulala bila kujigeuza. Mwambie daktari dawa zote unazotumia, aspirini ikiwemo, lakini usiache ya moyo kwa uamuzi wako.

Usiku 5 za mwanzo lala kichwa kikiwa juu ya mito miwili au mitatu. Siku ya 3 uso unaweza kuvimba hadi machoni, na hupungua. Kuosha huanza pale daktari atakaposema, mara nyingi siku ya 2 au ya 3: mimina maji kwa kikombe, usisugue, usisimame chini ya bomba la mvua. Anayeswali aswali ameketi hadi magamba ya vidonda yaanguke, kwa kuwa kusujudu kunasugua pale pale palipopandwa. Hijabu iwe nyepesi, ya kuteleza, isiyobana paji la uso. Magamba huanguka kati ya siku ya 7 na ya 10. Bwawa na bahari subiri mwezi.

Usaha, homa, ngozi kugeuka nyeusi, au maumivu yanayoongezeka baada ya siku ya 3: nenda hospitali siku hiyo.

Kati ya wiki ya 2 na ya 6 nywele zilizopandwa zitadondoka karibu zote, mzizi ukibaki ndani. Mpya huanza mwezi wa 3 au wa 4, zikiwa nyembamba, na nyingine hujikunja chini ya ngozi na kutoa vipele. Usivikamue. Weka kitambaa cha maji ya uvuguvugu, na vikiwa vingi mwone daktari. Matokeo kamili yahukumu baada ya mwaka. Hadi hapo, msusi asiguse mstari wa mbele, na hata baadaye aruke zile sentimita mbili zilizopandwa.