Meno Hayatoshi: Namna ya Kuthibitisha Spishi Mpya ya Dinosaria Mla Nyama wa Awali

Kabla ya kuugusa mfupa, upige picha pamoja na rula, rekodi eneo kwa GPS, kisha andika umelala kwenye tabaka gani la mwamba. Bila tabaka, umri haujulikani. Kama kuna majivu ya volkano karibu, chukua sampuli: majivu ya namna hiyo ndiyo yaliyoonyesha kwamba miamba ya Ischigualasto, Argentina, ina takriban miaka milioni 231.

Mfupa wenye nyufa uache ukauke kwanza, ndipo uunyweshe Paraloid B-72, gundi ya plastiki ya kuimarisha mifupa, iliyoyeyushwa kwenye asetoni, kama asilimia 5. Ikiwa nzito hubaki juu huku ndani mfupa ukimomonyoka; penye unyevu hugeuka nyeupe. Chimba kuuzunguka, uufunike kwa karatasi ya chooni iliyoloweshwa, halafu vipande vya gunia vilivyochovywa kwenye plasta. Ukiruka karatasi, plasta itaondoka na uso wa mfupa siku ya kuifungua.

Maabara, meno yaliyopinda yenye kingo za msumeno yasikuharakishe. Ndugu wengi wa mamba wa kipindi cha Triasiki, wakati dinosaria walipoanza kutokea, walikuwa nayo. Tazama nyonga: kwa dinosaria, tundu linalopokea paja limetoboka hadi upande wa pili. Hata hilo peke yake halitoshi, kwani Poposaurus, jamaa wa mamba, nyonga yake ilitoboka pia, na aliwahi kudhaniwa dinosaria. Pima basi mfupa wa juu wa mkono. Kwa dinosaria, kigongo chake cha kushikia misuli huzidi asilimia 30 ya urefu wa mfupa huo. Kwa mla nyama, ongeza kidole cha nne na cha tano vya mkono vilivyodumaa, na mifupa mirefu yenye kuta nyembamba. Eoraptor alitangazwa mwaka 1993 kuwa mla nyama wa awali. Utafiti wa 2011 ukamhamishia kwa jamaa wa dinosaria wenye shingo ndefu. Kwa hiyo linganisha mifupa yote, tena kwa kushika vielelezo vyenyewe. Picha huficha makovu ya misuli.

Tofauti nyingine ni za umri tu. Coelophysis, dinosaria mdogo mla nyama wa Triasiki, wa umri mmoja hutofautiana sana, sembuse mtoto na mkubwa. Kata kipande chembamba katikati ya mfupa wa paja, kiangalie kwa hadubini: mistari ya ukuaji ikikaribiana sana ukingoni, mnyama alikuwa amekoma kukua.

Jina huja mwisho. Kielelezo kikuu, yaani kile ambacho jina la spishi limefungwa nacho, kiwe kwenye makumbusho ya umma chenye namba yake, andika sifa zinazomtenga na jamaa zake, na kama chapisho ni la kielektroniki pekee, lisajili ZooBank, rejista rasmi ya mtandaoni ya majina ya wanyama, kabla halijatoka.