Unapanda Kili mwaka huu? Hela ya wagumu ianze kwenye bajeti kabla ya jaketi

Mara ya kwanza napanda Kilimanjaro nilikuwa na kila kitu, buti nimechambua mtumba pale soko la Memorial, jaketi la kukodi, tochi ya kichwani na betri za akiba, mpaka karanga za kutafuna njiani. Nilichokosa ni hela ya tipu. Tulikuwa wanne, tumelipia pakeji ya siku sita ya Desemba ili tuwe kileleni siku ya Uhuru, na kwenye ile karatasi ya malipo chini kabisa palikuwa na maandishi madogo "haijumuishi tipu", hakuna aliyeyasoma. Asubuhi ya mwisho pale kambi ya Horombo wagumu, yaani wapagazi wetu, wakajipanga wakaimba wakacheza, sisi tumetoa simu tunarekodi tunacheka, halafu wimbo ukaisha. Kimya. Watu kumi na wawili wanatuangalia.

Tukasogea pembeni kuchangishana, tukapata laki moja na elfu themanini. Piga hesabu mwenyewe, elfu 15 kila mtu kwa siku sita, yaani elfu mbili na mia tano kwa siku. Sahani ya chipsi mayai! Hakuna aliyetutukana, gaidi mkuu (yaani guide anayeongoza safari, ndivyo tunavyotamka, tusishtuane) akasema asanteni sana karibuni tena, wale wengine wakabeba mizigo yetu wakatangulia kushuka bila neno. Mimi toka pale hadi getini sikufurahia cheti wala nini.

Basi nawaandikia ninyi mnaojiandaa, hasa wabongo wenzangu, kwa sababu mgeni kutoka nje anaelezwa habari ya tipu mapema sana, sisi tunachukulia kwamba hii ni nyumbani tutaelewana tu.

Kwanza mjue mnaenda na nani. Kuna gaidi mkuu, kuna gaidi msaidizi mmoja au zaidi kulingana na wingi wenu, kuna mpishi, halafu kuna wapagazi, ambao mlimani wanaitwa wagumu na jina limewakaa. Kati ya wagumu mmoja ndiye anayewahudumia mezani na kuwaletea maji ya moto ya kunawa asubuhi. Mgumu anabeba mpaka kilo 20, hicho ndicho kikomo na mizigo inapimwa getini, anatoka nyuma yenu na mnamkuta kambini keshafika. Na kazi yenyewe haiko mwaka mzima, masika ya Aprili na Mei mlima unakuwa mtupu, kwa hiyo mtu anayeonekana ana kazi huenda ana safari mbili tu mwezi huo.

Sasa kiasi. Kwa wageni viwango vinavyotajwa sana ni dola 20 hadi 25 kwa siku kwa gaidi mkuu, 15 hadi 20 kwa msaidizi, 12 hadi 15 kwa mpishi, na 6 hadi 10 kwa kila mpagazi. Hapa ndipo watu wengi wanapojichanganya: hiyo ni hela ya kundi zima kwa siku, siyo kila mpandaji atoe. Nimeshakutana na dada mmoja alitaka kuahirisha safari kwa sababu alizidisha mara idadi yao wote watano akapata namba ya kununulia pikipiki. Mnakusanya, mnagawana.

Mimi safari ya pili, wanne tena, njia ya Marangu tena siku sita, tulipanga kwa shilingi hivi: gaidi mkuu elfu 40 kwa siku, msaidizi elfu 30, mpishi elfu 25, na wagumu tisa elfu 15 kila mmoja. Kwa siku sita gaidi mkuu anapata 240,000, msaidizi 180,000, mpishi 150,000, wagumu wote 810,000. Jumla 1,380,000, gawa kwa wanne ni 345,000 kila kichwa. Inauma? Inauma ndiyo. Lakini ukiiweka kando miezi sita kabla ni kama elfu 58 kwa mwezi, na ukiijua mapema haiumi kama ile ya kuvuliwa siku ya mwisho mbele ya watu. Kama hamuwezi kufika hapo pungueni kwa kukaa chini kama kundi na kukubaliana kabla hamjapanda, msipungue kwa kujifanya mmesahau.

Angalia pia njia unayochagua, maana watu wanalinganisha bei ya pakeji tu wanasahau kwamba njia ndiyo inaamua idadi ya wagumu. Marangu mnalala kwenye vibanda, Mandara, Horombo, Kibo, kwa hiyo mizigo inapungua. Machame au Lemosho ni mahema, hema linabebwa, hema la kulia linabebwa, meza na viti vinabebwa, kuna makundi hadi choo kinabebwa, na kila kinachobebwa kina kichwa cha mtu chini yake. Kundi la wanne hapo wagumu kumi na wawili au zaidi ni kawaida. Na ukipanda peke yako ndiyo kabisa, maana gaidi ni wako mwenyewe na mpishi ni wako mwenyewe: gaidi elfu 40, mpishi elfu 25, wagumu watatu elfu 45, hiyo ni laki na kumi kwa siku, siku sita ni 660,000, karibu mara mbili ya niliyotoa mimi. Tafuta kundi.

Idadi kamili uliza kwenye kampuni wiki moja kabla, waambie naomba orodha ya timu, majina na kazi zao. Wakianza kukuzungusha hapo hapo ushajua. Halafu siku ya kwanza getini au jioni kambini mwombeni gaidi awatambulishe wote, mmoja mmoja, muwahesabu kwa macho. Siyo kwamba mnamshuku mtu, lakini kuna mchezo wa kuandikwa wagumu kumi na mbili wakati waliopanda ni tisa, tipu za wale watatu hewa zinajulikana zinakokwenda, na mizigo yao wamebebeshwa hao tisa. Kujua majina kuna faida nyingine pia, usiku wa kwenda kileleni unapotapika pale juu unajua unayemshukuru ni nani.

Kuhusu noti. Noti yetu kubwa ni elfu kumi, kwa hiyo 1,380,000 ni noti 138 mkizichukua zote za kumi kumi, na hamtazichukua zote za kumi kwa sababu mnahitaji za elfu tano za kusawazisha. Toeni Moshi mjini, tena siku mbili kabla, maana ATM ina kikomo cha siku na Desemba foleni inajaa. Usitegemee kutoa ukishafika getini. Wale mnaokuja na dola kutoka nje, badilisheni bureau mjini mtoe shilingi, kwa sababu noti ya dola moja au tano inabadilishwa kwa rate mbaya kuliko ya mia, na iliyochakaa au ya miaka ya zamani inakataliwa kabisa, sasa mgumu wa watu umempa dola nane za kuchanika afanye nazo nini.

Bahasha zipangwe hotelini kabla ya kupanda, kila bahasha imeandikwa kazi ya mtu, jina mtaliongeza baadaye mkishawajua. Na zikae kwenye begi lako dogo la mgongoni, siyo kwenye begi kubwa analobeba mpagazi. Acheni na laki moja nje ya bahasha, kwa sababu mlimani mambo hubadilika: mmoja wenu akizidiwa pale Kibo gaidi msaidizi atamshusha usiku, au mgumu mmoja atajitolea kupanda nanyi kileleni kusaidia mabegi, huyo aongezewe. Mgumu akiugua akashuka siku ya pili mpe za siku zake mbili kupitia kwa mwenzake mnayemwamini, au mtumie kwenye simu. Na kutofika kileleni siyo sababu ya kukata, mtu kabeba gesi yako mpaka mita 4,700, mapafu yako hayamhusu.

Siku ya kutoa yenyewe, gaidi anaweza kuwaambia nipeni zote nitawagawia. Jibu kwa adabu: kaka, tungependa kumshika kila mmoja mkono. Mmoja wenu asimame, aseme kwa sauti kila kundi limepata kiasi gani, "wagumu kila mmoja elfu tisini", kila mtu asikie, halafu mwite mmoja mmoja umpe mkononi. Kwetu sisi lugha ni moja kwa hiyo hatuna kisingizio, mgeni anaweza kudanganywa tafsiri, wewe huwezi. Sisi tulifanya hivyo Horombo asubuhi kabla ya mizigo kuondoka, maana wakishaanza kushuka wale jamaa huwapati, wanakimbia. Njia za Machame na Lemosho inafanyika kambi ya Mweka, wengine wanasubiri getini, yote sawa ilimradi wote wapo.

M-Pesa na nyinginezo zinafaa kama mmepungukiwa, lakini tuma kwa kila mtu kwenye namba yake pamoja na ya kutolea, usirundike kwa mtu mmoja. Nguo pia, jaketi, glovu, buti, wanazipokea kwa mikono miwili na zinasaidia kweli, ila ni zawadi juu ya tipu, haziingii kwenye hesabu ya tipu.

Kama hamkupendezwa na huduma, chakula kibaridi, gaidi anatembea kama anafukuzwa, semeni jioni ya siku ya pili wakati kuna muda wa kurekebisha. Sisi chai ilikuwa inakuja imepoa, tukasema, kesho yake ikaja inachoma ulimi.

Dereva aliyewatoa Moshi na kuwarudisha hayupo kwenye hesabu zote hizo, tulimpa elfu 20 kundi zima. Alitusubiri Marangu masaa matatu kwa sababu mwenzetu mmoja alikuwa anashuka kinyumenyume, magoti yamegoma.